Ghala Lililomo Ndani ya Kompyuta

Mshitiri aendaye Kariakoo kutafuta kompyuta mpakato iliyokwisha kutumika Ulaya aghalabu huuliza mambo mawili, bei na ukubwa wa diski, na muuzaji humjibu hayo mawili basi. Ilhali jambo litakaloamua kama mashine itawaka kwa dakika tatu au kwa sekunde chache, nalo ni jinsi diski yenyewe ilivyoundwa, hupita bila ya kuulizwa wala kutajwa.

Mwaka 1956 kampuni ya IBM ya Marekani ilitoa mashine iliyoitwa RAMAC, ambayo ghala lake lilikuwa na sahani 50, kila moja na upana wa inchi 24, na uzito wa takriban tani moja, na pamoja na ukubwa wote huo halikuchukua zaidi ya herufi milioni 5. Watengenezaji wakaongezeka, kisha wakanunuana wao kwa wao, hata leo diski za kuzunguka zimebaki mikononi mwa watatu: Seagate, Western Digital na Toshiba. Soko la wachache huyumba kwa tukio moja, kama ilivyobainika mwaka 2011, mafuriko ya Thailand yalipovifunika viwanda na bei zikapanda ulimwenguni kote.

Diski ya kuzunguka hupiga mizunguko 5,400 au 7,200 kwa dakika, na husoma kiasi cha megabaiti 100 hadi 200 kwa sekunde. SSD, isiyo na kitu kinachozunguka ndani yake, hufika 550 kwa njia ya SATA, na kwa njia ya NVMe huvuka 3,500 na hata 7,000. Tarakimu hizi zisimghuri mtu: katika mashine kuukuu, hatua ya kutoka diski ya kuzunguka kwenda SSD yoyote iliyo njema ndiyo yenye manufaa makubwa, kwa sababu kazi za kila siku ni kufungua faili ndogo ndogo maelfu, na hapo ndipo sindano ya diski ya zamani huhangaika huku na huko.

Siku moja nilikuwa kwa fundi mmoja, akaingia mama na kompyuta yake pamoja na SSD ya M.2 aliyoinunua kwingine, kijibao chenye upana wa milimita 22 na urefu wa 80. Fundi akafungua skurubu, akakitia tunduni, kikaingia barabara. Akawasha, kisha akatikisa kichwa. “Mama, kimekaa sawa, lakini mashine haikisomi. Hiki ni cha SATA, na tundu hili ni la NVMe tu.” Akamwonesha penye meno ya shaba: kile cha mama kilikuwa na mapengo mawili, cha NVMe alichokitoa dukani mwake kilikuwa na moja. Fedha ya yule mama ilipotea kwa pengo lisilozidi upana wa punje ya mchele, na hakuna aliyemwambia.

Hata jina moja la kampuni halitoshi. Samsung 870 EVO ya terabaiti 1 ina dhamana ya miaka 5 au terabaiti 600 za kuandikwa. 870 QVO ya ujazo ule ule, iliyobanwa biti nne katika kila chembe badala ya tatu, ina miaka 3 na terabaiti 360. Mwenye kuhifadhi picha ataridhika na ya pili. Mwenye studio ya video ataijutia. Na muuzaji asisingiziwe wizi pindi diski ya gigabaiti 500 inaposomeka 465 katika Windows: kiwanda huhesabu kwa elfu, programu huhesabu kwa 1,024.

Wizi upo, walakini ni mwingine. Diski ghushi hufundishwa kutaja ujazo isio nao, ikapokea faili kwa utiifu, na ikijaa huandika mapya juu ya ya zamani. Kwa hiyo yule fundi, kabla ya kupokea malipo, aliijaza ile NVMe mpya aliyomuuzia mama mpaka pomoni na kuisoma tena yote, kazi iliyochukua muda wa chai mbili. Ndipo akahamisha picha za watoto kutoka diski ya zamani ya kompyuta ile, akaifungia diski hiyo ndani ya bahasha, akamkabidhi mama mkononi: “Usimwachie mtu, mama. Vilivyofutwa humu bado vinaweza kurudishwa.”