Senta Bolti ya Springi: Namna ya Kuitoa Ikivunjika kwa Kutu na Kuirudisha Ipasavyo

Katika kukagua vitabu vya chama kimoja cha msingi, upande wa Runazi wilayani Biharamulo, nilikuta stakabadhi tatu za bamba la springi ya nyuma, zote za gari moja na zote za msimu mmoja. Gari lenyewe ni pikapu ya kubeba tani moja, ipelekayo mbolea vijijini na kurudi na mazao. Bodi ya chama ilikwisha kumsimamisha kazi dereva kwa tuhuma kwamba alikuwa akiuza vipuri, nami, sina budi kukiri, nilikwisha kuandaa hoja ya ukaguzi yenye kuiunga mkono tuhuma hiyo. Dereva hakubishana na mtu. Aliomba jambo moja tu, kwamba springi ifunguliwe mbele ya wajumbe. Ilifunguliwa, kazi ikachukua siku nzima, na yale tuliyoyaona siku hiyo ndiyo yaliyonifanya niandike maelezo haya kwa ajili ya vyama wanachama vyenye magari.

Yafaa kwanza ieleweke springi ni kitu gani. Springi ya nyuma ya gari la mizigo ni mabamba kadhaa ya chuma yaliyopindwa na kupangwa moja juu ya jingine, refu zaidi likiwa juu na fupi zaidi likiwa chini. Katikati kabisa kila bamba lina tundu, na katika matundu hayo hupita bolti moja iitwayo senta bolti. Watu wengi hudhani kazi yake ni kuyafunga mabamba tu. Ipo kazi ya pili iliyo kubwa zaidi: kichwa chake, ambacho ni cha mviringo, huingia katika tundu la kitako cha ekseli na kuizuia ekseli isisogee mbele wala nyuma. Springi nzima hubanwa juu ya ekseli kwa yubolti mbili, yaani bolti zilizopindwa mfano wa herufi U, zenye nati nne. Yubolti zikikaza, senta bolti haina taabu kubwa. Yubolti zikilegea, mzigo wote wa kuvuta na kufunga breki huangukia bolti hii moja, ambayo unene wake haufiki unene wa kidole.

Tena upo uhusiano mwingine ambao wengi wetu hatukuujua. Pale kwenye tundu ndipo bamba lilipo dhaifu kuliko pengine pote, kwa kuwa chuma kimepungua. Yubolti zilizokaza hulifanya eneo hilo la katikati lisipinde kabisa. Kupinda hutokea pembeni, mahali bamba lilipo zima. Nati zikilegea, hata katikati hupinda, na kwa kila shimo la barabarani bamba hujikunja palepale kwenye tundu mpaka lipasuke. Kwa hiyo mahali bamba lilipovunjikia pana habari. Likivunjika kwa kupitia tundu la katikati, mtuhumiwa wa kwanza ni yubolti zilizolegea. Likivunjika mbali na katikati, ndipo uulize habari za kuzidisha mzigo au za bamba lililozeeka. Na kuzidisha mzigo si jambo geni: mifuko 20 ya mbolea ya kilo 50 ni tani moja kamili, lakini nimeona mifuko 30 ikipakiwa na abiria wakikaa juu yake.

Nilipouliza yaliko mabamba ya zamani, mtunza ghala alitupeleka nyuma ya milango ya stoo. Yalikuwapo yote matatu. Hayakuandikwa katika leja, na kwa sababu hiyo mkaguzi asingeyaona kwa vitabu peke yake. Yote yalikuwa yamekatika kwa kupitia tundu la katikati.

Sasa nieleze kazi yenyewe. Barabara kuu ya Lusahunga kwenda Rusumo ina lami, na malori ya Rwanda na Burundi huyaona kila mtu. Magari yetu hayaishi huko. Huiacha lami na kuingia njia za udongo mwekundu, na kwa kuwa mvua zetu huanza Septemba au Oktoba na kuendelea hadi Mei, matope hukaa kati ya mabamba na kushika maji kwa miezi. Kutu ikishapata nafasi hufanya jambo moja baya: huwa na ujazo zaidi ya mara mbili ya ule wa chuma ilichokula, kwa hiyo hujaza tundu na kuishikilia bolti kama kabari. Ndiyo maana dawa ya kwanza ya kutu ni usiku mmoja wa subira. Jioni ya siku iliyotangulia fundi alisugua nati zote kwa brashi ya waya, kisha akazinywesha dizeli iliyochanganywa na oili kidogo, na kabla ya kulala akarudia. Asubuhi akagonga kila nati kwa nyundo ndogo, si kwa hasira, ili mafuta yapenye.

Gari liliwekwa mahali tambarare, magurudumu ya mbele yakatiwa kabari, na nati za gurudumu la nyuma zikalegezwa kabla gari halijainuliwa. Jeki iliinua chesisi, na papo hapo magogo ya mbao ngumu yakasukumwa chini ya chesisi ili uzito ukae juu yake. Ndugu wasomaji, hapa naomba nisikilizwe kwa makini. Jeki ni ya kuinulia, si ya kutegemea. Tofali nalo hupasuka bila kutoa taarifa. Mtu asiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja ya kuokota spana. Jeki ya pili iliwekwa chini ya ekseli, si kwa kuinua bali kwa kuidhibiti, kwa kuwa yubolti zikitoka ekseli hubaki bila mshiko. Gurudumu likatolewa, na shokapu ikafunguliwa upande wa chini.

Nati tatu za yubolti zilifunguka. Tena mbili kati ya hizo zilikuwa legevu kiasi cha kugeuzwa kwa spana fupi bila jitihada, na wajumbe waliliona hilo kwa macho yao. Ya nne iligoma. Nati iliyogoma haifai kulazimishwa upande mmoja tu. Hukazwa kidogo, hulegezwa kidogo, hutiwa mafuta, hurudiwa tena, mpaka unga wa kutu utoke katika hesi. Hii haikukubali. Fundi akapendekeza gesi. Nilimwomba aache, naye, kwa kuwa ni mtu mzoefu, alikubali upesi. Bamba la springi hupata wepesi wake wa kurudi kwa kupashwa moto na kupozwa kiwandani kwa vipimo maalumu. Likipata moto wa gesi mpaka liwe jekundu, nguvu hiyo hupotea mahali hapo na hairudi. Aidha, dizeli ilikuwa imekwisha kulowanisha kila kitu, na mpira wa breki ulikuwa karibu. Basi nati ilikatwa kwa msumeno wa chuma ubavuni, ikapasuliwa kwa tindo. Hapakuwa na hasara, kwa kuwa yubolti ikishafunguliwa hairudishwi: huwa imekwisha kuvutika, na mpya ndizo hufungwa.

Ekseli ilishushwa kwa jeki polepole, mtu mmoja akiutazama mpira wa breki usivutike. Kisha mabamba yakabanwa kwa jiriwa mbili za mkono, moja kila upande wa katikati. Jambo hili lisirukwe. Mabamba yana mpindo usiolingana, na bolti ikitoka huruka; vidole vya watu vimepotea kwa namna hiyo.

Kipande cha juu cha senta bolti kilitoka kwa mkono pamoja na nati yake. Cha chini kilibaki ndani ya mabamba mawili, kimeshikwa na kutu. Fundi aliweka kipande cha bomba chini ya tundu ili bamba liegemee mahali imara, akatumia pini ya chuma nyembamba kidogo kuliko tundu, akaipiga kwa nyundo. Kuipiga bolti yenyewe kwa nyundo ni kosa, maana ncha hupanuka na kuzidi kukwama. Baada ya mapigo mengi haikutoka, hivyo akaitia alama katikati kabisa kwa ncha kali, akaitoboa kwa keekee, kwanza kwa msumari wa milimita 4, kisha kwa mnene zaidi, akienda taratibu na kutia oili. Bolti ikabaki ganda jembamba, na pini ikaliangusha. Tahadhari ni kwamba keekee isiguse bamba. Tundu likipanuliwa, bamba huzidi kudhoofika palepale linapovunjikia. Kazi hii peke yake ilichukua saa mbili.

Vipande viwili vilipowekwa juu ya meza ya Bodi, maswali yalianza kujijibu. Hiyo haikuwa bolti ya springi hata kidogo. Ilikuwa kipande cha nondo ya kujengea, kimekatwa hesi upande mmoja, na upande wa pili kimechomelewa nati ili iwe kichwa. Nati ina pembe, haikujaza tundu la kitako cha ekseli. Tundu lenyewe lilikuwa limekwisha kulika na kuwa la mviringo wa yai. Uso wa mvunjiko nao ulikuwa na sehemu mbili: karibu robo tatu ilikuwa nyeusi kwa kutu ya zamani, na kijisehemu kilichobaki kiling'aa. Maana yake ni kwamba ufa ulianza muda mrefu uliopita, maji yakaingia na kutu ikashika, na kile kilichosalia ndicho kilichokuwa kikibeba gari mpaka juzi. Daftari la matengenezo lilionyesha kwamba springi hiyo iliwahi kufunguliwa misimu miwili iliyopita, kabla dereva huyu hajaajiriwa. Stakabadhi ya wakati ule iliandikwa «bolti 1», bila kipimo.

Kipimo ndicho kitu ambacho watunza stoo wetu hawakiandiki. Bolti yenye nguvu huwa na alama kichwani, kwa mfano 8.8 au 10.9. Tarakimu ya kwanza ikizidishwa kwa 100 hutoa nguvu ya kuvutwa kabla ya kukatika, kwa kipimo cha newton kwa kila milimita mraba. Bolti ya 8.8 hufikia 800. Ile ya kawaida ya 4.6 hufikia 400, yaani nusu yake, ingawa kwa macho zafanana. Stakabadhi ya senta bolti iseme unene, urefu na alama, na ionyeshe kwamba kichwa ni cha springi, maana unene wa kichwa hicho ndio unaolingana na tundu la ekseli.

Kurudisha hakukuwa na mambo mengi. Mabamba yalisuguliwa na kupakwa grisi nyembamba, bamba lililopasuka likawekwa jipya, na fimbo ya chuma iliyonyooka ikapitishwa katika matundu ili yalingane. Mabamba hubanwa kwa jiriwa mpaka yakutane ndipo bolti ipite. Bolti isitumiwe kuyavuta, kwa kuwa huanza kazi ikiwa imekwisha kujeruhiwa. Tundu la kitako lilijazwa kwa kuchomelea na kutobolewa upya, springi ikiwa imetolewa mbali na moto. Kichwa cha bolti kikaketi katika tundu lake, na yubolti mpya zikafungwa kwa zamu, nati ya pembe hii kisha ya pembe ile, kidogo kidogo. Mkazo wa mwisho ulitolewa gari likiwa limeshuka na uzito wake ukiwa juu ya springi, kwa kadiri iliyoandikwa katika kitabu cha gari.

Kisha tukapima kwa kamba kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya gurudumu la nyuma, kushoto na kulia. Kabla ya kazi, upande wa springi mbovu ulikuwa umezidi kwa upana wa vidole viwili. Ekseli ilikuwa imerudi nyuma na gari likienda upandeupande kama kaa. Sasa pande zote mbili zililingana. Chama kisicho na fundi chaweza kufanya kipimo hiki kila mwezi, kwani hakihitaji zaidi ya kamba na watu wawili.

Mabamba mapya hulala vizuri zaidi baada ya kubeba mzigo, na yubolti hulegea kidogo. Kwa hiyo hukazwa tena baada ya safari ya kwanza yenye mzigo, na baadaye kila wiki katika majira ya mvua. Tuliongeza safu moja katika daftari la safari kwa ajili hiyo, yenye tarehe na saini. Vilevile mabamba matatu ya zamani na vile vipande vya nondo viliingizwa katika leja ya stoo kama vipuri vilivyorudishwa, kila kimoja na namba ya stakabadhi iliyokibadilisha.

Hoja yangu ya kwanza niliifuta na kuandika nyingine, juu ya stakabadhi zisizo na vipimo na vipuri vikuukuu visivyoandikwa. Bodi ilikutana siku ileile jioni na kumrudisha dereva kazini pamoja na mshahara wa siku alizosimamishwa. Ijumaa iliyofuata gari lilirudi kutoka safari ya kwanza ya mbolea, nati zote nne zikakazwa kwa robo mzunguko hivi, na saini ya kwanza katika safu ile mpya ni yake.