Cheche ya Fundi na Redio ya Jirani

Fundi wa kuchomelea anapogusisha rodi kwenye chuma, jirani huona taa ikififia na kusikia redio ikikoroma. Wengi huilaumu mashine kwamba ni mbovu, au umeme kwamba ni mdogo. Kumbe hata mashine nzima kwenye umeme wa kutosha huleta usumbufu huo, na sehemu kubwa ya dawa yake haihitaji hata shilingi.

Jambo hili linatuhusu Chitete, makao makuu ya Halmashauri ya Wilaya ya Momba, ambako geti, plau na tela la trekta vyote humtegemea fundi huyo. Linahusu zaidi Tunduma, mji wa mpakani wenye malori mengi yanayohitaji kuchomelewa.

Usumbufu hupita njia tatu. Ya kwanza ni hewani. Kati ya mwaka 1886 na 1888, huko Karlsruhe, Ujerumani, mwanafizikia Heinrich Hertz alirusha cheche kwenye pengo kati ya vyuma viwili, na kicheche kingine kikaruka kwenye kitanzi cha waya kilichokuwa kando, bila chochote kuviunganisha. Alikuwa amethibitisha kuwapo kwa mawimbi ya redio. Meli za kwanza zenye redio zilitumia cheche hizohizo. Titanic iliomba msaada kwa mtambo wa namna hiyo mwaka 1912. Mitambo hiyo iliachwa baadaye kwa sababu cheche moja hujaza masafa mengi kwa pamoja na kuvuruga mawasiliano ya wengine. Kuchomelea nako hutoa mawimbi ya aina hiyo, na redio ya masafa ya kati huyapokea kwa urahisi kuliko ya FM.

Njia ya pili ni nyaya za umeme. Mashine ya transfoma inaweza kuvuta ampea 30 kutoka kwenye laini ya volti 230. Kama waya unaoleta umeme una ukinzani wa nusu omu, volti 15 hupotea njiani kila rodi inapogusa chuma, kisha hurudi rodi inapoachia. Volti za nyumba zinazotumia kipande hichohicho cha waya hupanda na kushuka pamoja na za karakana. Hapo ndipo taa hupepesa na friji huhangaika. Karakana inastahili laini yake nene kutoka nguzoni, iliyofungwa na fundi umeme mwenye leseni, si waya mwembamba ulioazimwa kwenye soketi ya duka la jirani.

Njia ya tatu ni chuma chenyewe, nayo ndiyo yenye hasara kubwa. Rodi ya milimita 3.2 hutumia takriban ampea 90 hadi 140, na mkondo wote huo lazima urudi kwenye mashine. Tazama lori linalochomelewa ubavuni huku banio la ethi, yaani la waya unaorudisha mkondo kwenye mashine, likiwa limebanwa mbele, kwenye bamba lenye kutu. Mkondo hukosa njia nyepesi ya kurudia, ukajitafutia nyingine: beringi za gurudumu, waya wa ethi wa taa, au kompyuta ya injini iliyotengenezewa volti 24. Beringi hutoboka vijishimo, na kompyuta huungua papo hapo au hufa baada ya siku chache, dereva akiwa njiani.

Kwa hiyo kwangua kutu mpaka chuma king'ae, ubane ethi karibu kabisa na mahali unapochomelea. Kabla ya hapo zima gari, tenganisha betri, na chomoa kompyuta zilizo jirani na kazi, kwa kufuata maelekezo ya mtengenezaji.

Kisha tazama nyaya mbili za mashine. Tangu kazi ya wanasayansi Ørsted mwaka 1820 na ya Faraday mwaka 1831, tunajua kwamba mkondo hujenga uga wa sumaku kuuzunguka waya, na uga unaobadilika huzalisha umeme kwenye waya mwingine. Waya wa rodi na wa ethi hubeba mkondo uleule kwa pande zinazopingana. Ukizilaza pamoja sakafuni, nyuga zake hufutana kwa kiasi kikubwa. Ukizitandaza mbalimbali, au ukazikunja duara kama kamba, uga hukua.

Mashine ndogo za inveta huvuta umeme pungufu kwa kazi ileile, lakini ndani yake swichi hukata mkondo maelfu ya mara kwa sekunde, hivyo zinahitaji kichujio kizuri. Kiwango cha kimataifa IEC 60974-10 kinasema mashine za Daraja A hazikukusudiwa kwa makazi yanayotumia umeme wa kawaida wa mtaani. Soma daraja hilo kwenye kijitabu kabla ya kununua.

Kwa sababu ya uga huo wa sumaku, mwenye kifaa cha kuratibu mapigo ya moyo asisogelee karakana kabla ya kumuuliza daktari wake.

Fundi, bana ethi karibu na kiungo, laza nyaya pamoja, na mjulishe jirani kabla ya kuanza. Jirani, ukijulishwa, chomoa televisheni na friji mpaka kazi iishe. Hayo yanachukua dakika chache. Kompyuta ya lori ikiungua ni mali ya mtu iliyopotea.