Kufua Maji Chombo Kikivuja

Kila tuzungumzapo na vijana wetu juu ya joto linalozidi na bahari inayokula ufuo, huuliza: je, wataalamu hawatabuni mashine ikayamaliza haya? Mashine hiyo ipo tayari. Yafaa tuitazame kwa hesabu, si kwa sifa zake.

Iko nchini Iceland, yaitwa Mammoth, na ilizinduliwa Mei 2024. Mafeni makubwa huvuta hewa na kuipitisha katika vichujio vinavyonasa hewa ukaa. Vichujio vikijaa hupashwa moto, hewa ukaa ikatoka, ikachanganywa na maji na kushindiliwa chini ya ardhi katika mwamba wa volkano, ambako hugeuka jiwe. Ni elimu ya ajabu, na walioivumbua hawastahili kubezwa.

Tatizo ni kipimo. Katika kila sehemu 10,000 za hewa, hewa ukaa ni kama 4 tu, na kuzichambua hizo nne kwahitaji moto na umeme mwingi. Ndiyo maana mtambo ukajengwa penye mvuke wa ardhini. Ukifanya kazi bila dosari, umekusudiwa kunasa tani 36,000 kwa mwaka. Nao ulimwengu, kwa kuchoma makaa, mafuta na gesi, hutoa takriban tani bilioni 37. Gawanyeni wenyewe: kazi ya mtambo ya mwaka mzima ni moshi wa dunia wa nusu dakika.

Wanasayansi wa Umoja wa Mataifa wanakubali kwamba kuondoa hewa ukaa kutahitajika, ila kwa yale masalio yasiyoepukika, baada ya moshi kupunguzwa sana. Mabaharia hufua maji huku mwenzao akiziba tundu. Anayesifia upo mpya wa kufulia ili tundu liachwe wazi, huyo ana lake. Occidental, kampuni kubwa ya mafuta ya Marekani, imewekeza katika mtambo wa aina hii huko Texas, na mwaka 2023 mkuu wake alisema waziwazi kwamba teknolojia hiyo itaipa biashara yao ruhusa ya kuendelea kwa miaka 60 au zaidi.

Miaka 60! Mwaka 1998 bahari yetu ilipata joto kupita kiasi kwa miezi michache tu, na sehemu kubwa ya matumbawe ya pwani ikapauka na kufa.

Basi wazazi, mtoto akiuliza tena, mwambieni naye aulize mawili: mashine itanasa tani ngapi, na mwenyewe ataacha kuchoma mafuta mwaka gani.