Dungusi kwenye theluji: tatizo ni maji, si baridi

Alfajiri ya tarehe 22 Desemba 2022, kipimajoto cha uwanja wa ndege wa Denver, Colorado, kilishuka hadi nyuzi 31 chini ya sifuri. Alasiri iliyotangulia hewa ilikuwa juu ya sifuri. Huo ndio mji ambao bustani yake kuu ya mimea, Denver Botanic Gardens, hukuza dungusi nje mwaka mzima, na wenye nyumba wengi hufanya vivyo hivyo mbele ya vibaraza vyao. Glasgow, upande wa pili wa Atlantiki, baridi kama ile haijulikani, lakini dungusi ya aina ileile ikiachwa nje katika udongo wa kawaida wa bustani inaweza kuwa ujiuji mweusi kabla ya Februari. Kama baridi ndiyo ingekuwa muuaji, mambo yangekuwa kinyume. Denver hupata wastani wa milimita 370 hivi za mvua na theluji kwa mwaka. Glasgow hupata zaidi ya 1,000, na sehemu kubwa hushuka katika miezi ambayo jua ni la kuchungulia. Kwa hiyo anayetaka dungusi nje katika nchi za baridi, awe Mswahili aliyehamia Minnesota au jirani yake mzaliwa wa huko, kwanza aulize maji yake yanakwenda wapi. Suala la kuupa mmea joto lije baadaye, na mara nyingi halitakuja kabisa.

Picha tuliyonayo ya dungusi ni ya jangwa la moto, na picha hiyo ndiyo inayotupotosha. Jamii hii ni ya bara la Amerika, ukiondoa mmea mmoja mwembamba unaoning'inia mitini, Rhipsalis baccifera, ambao unaota pia katika misitu ya Afrika. (Mnyaa wetu wenye utomvu mweupe si dungusi, hata kama maduka ya maua huziweka rafu moja.) Huko Amerika dungusi zimeenea kutoka nyanda za Patagonia hadi bonde la mto Peace nchini Kanada, kaskazini zaidi ya London. Ile ya bonde hilo ni mpungate mdogo uitwao Opuntia fragilis, wenye mabapa mafupi kama kidole gumba, na vipimo vya maabara vimeonyesha kwamba ukishajizoesha baridi unastahimili chini ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Kusini yake zipo Opuntia humifusa, ya mchanga wa pwani ya mashariki ya Marekani, na Echinocereus triglochidiatus ya Colorado, ambayo maua yake mekundu hukaa wazi siku kadhaa.

Neno la kushika hapo ni kujizoesha. Siku zinapofupika mwezi Septemba na usiku kupoa, mizizi hupunguza kunywa na mmea huanza kujikausha wenyewe. Utazame mpungate wa humifusa mwezi Januari: mabapa yamekunjamana, yamelala chini, yamegeuka rangi ya zambarau, na asiyeujua ataung'oa akidhani umekufa. Ndani, maji yaliyobaki yamejaa sukari na ute. Barafu inapotokea huanza kati ya seli, nje ya kuta zake, ikizivuta maji polepole; seli husinyaa bila kupasuka. Bapa lililovimba kwa maji halina nafasi hiyo. Ndiyo maana baridi kali ya ghafla mwezi Oktoba inaweza kuleta madhara kuliko baridi kubwa zaidi ya Januari, na ndiyo maana mtu anayemwagilia hadi majani ya miti yanapodondoka, au anayetia mbolea ya naitrojeni mwezi Agosti, anaudhuru mmea huku akidhani anaulea. Ukiachwa, ifikapo Mei mabapa huwa yamejaa tena na kuinuka, na Juni huja ua la njano.

Mtu anaweza kupinga kwamba nimelinganisha jangwa na kinamasi, na kwamba Denver ina bahati ya hali ya hewa ambayo bustani haiwezi kununua. Pingamizi hilo lina uzito, kwa hiyo tuutazame mji wa Sion nchini Uswisi. Mvua yake ya mwaka ni milimita 600 hivi, sawa na London. Hata hivyo, kwenye vilima vya Valère na Tourbillon vilivyo juu ya mji huo, Opuntia humifusa imezagaa yenyewe kwenye miamba, na hakuna anayeifunika. Ni kweli kwamba Sion hupata jua jingi kuliko London. Lakini kubwa zaidi ni mahali penyewe: mteremko wa mawe, udongo mchache, ambapo tone la mvua halipati pa kutuama. Jua hatuwezi kulinunua. Mteremko unajengwa kwa toroli na koleo.

Namna ya kuujenga si siri. Tuta liinuliwe angalau sentimita 30, liegemee kusini kwa walio kaskazini ya ikweta, na sehemu kubwa yake iwe kokoto ndogo na mchanga mkali wenye punje zenye kona, kwa kuwa mchanga laini hushikana na kuziba. Mboji iwe kidogo sana. Mmea ulionunuliwa kwenye chungu uoshwe ule udongo mweusi wa peti kabla ya kupandwa, maana peti ni sifongo, na sifongo lililozikwa katikati ya kokoto bado ni sifongo. Kuzunguka shingo ya mmea, pale shina linapokutana na ardhi, ziwekwe kokoto tupu za sentimita tatu au tano, kwani kuoza huanzia hapo. Mmea upandwe mwishoni mwa masika ya huko, upate kiangazi kizima cha kushika mizizi. Katika miji yenye mvua ya Novemba hadi Machi, kipande cha kioo kilichoinuliwa juu ya vigingi, pembeni pakiwa wazi kwa upepo, kinasaidia kuliko nailoni ya kuufunga mmea, ambayo huutosa katika jasho lake. Theluji yenyewe isiondolewe: inazuia upepo mkavu na kuushikilia ubaridi usizidi.

Sidai kwamba baridi haiui dungusi yoyote. Saguaro, lile jitu la Arizona lenye mikono, hufa barafu ikidumu zaidi ya siku nzima au hivi, na mpaka wake wa kaskazini umechorwa na barafu hiyo. Hakuna kokoto itakayoliokoa huko Chicago. Hoja yangu inaanza baada ya kuchagua aina sahihi. Wanaosema ni heri kuiweka ndani ya nyumba wanasahau kwamba aina hizi za baridi, zikikaa karibu na hita katika mwanga hafifu wa Desemba, hurefuka na kupauka, na nyingi hazitoi maua kwa kukosa mapumziko yao.

Pingamizi ninaloliheshimu zaidi linatoka nyumbani. Laikipia, Kenya, wanaijua mipungate kwa uchungu: Opuntia stricta, iliyoletwa kwa ajili ya ua na mapambo, imemeza malisho; tembo hula matunda na kusambaza mbegu, na mifugo huumia kinywa na tumbo kwa vimiiba vyake laini kama nywele. Imebidi kuletwa vidudu vya kokinili vya kuinyonya. Australia ilipitia hayo kwa kiwango kikubwa zaidi, hadi nondo aitwaye Cactoblastis alipoachiliwa mwaka 1926. Kwa mtunza bustani wa Colorado anayepanda mpungate wa milima yake mwenyewe hofu hiyo ni ndogo. Kwa wa Nanyuki au Iringa jibu langu ni usipande mpungate nje kabisa, kwa sababu bapa moja likianguka tu linatoa mizizi. Wa Ulaya anunue kwa mwenye kitalu anayeotesha mbegu zake, kwani karibu jamii nzima ya dungusi imo katika mkataba wa CITES unaodhibiti biashara ya kimataifa, na mimea iliyong'olewa porini huwa haidumu. Au aombe bapa kwa jirani, avae glavu za ngozi, aliache kivulini wiki moja au mbili hadi jeraha likauke, kisha alilaze juu ya kokoto.