Mwenye Mzigo Hapandi Basi

Simama Maili Moja jioni, upande wanaopanga machungwa na korosho, uliangalie basi la Mbeya linavyopunguza mwendo. Konda anaruka chini kabla halijasimama sawasawa, anafungua buti, anapokea mfuko wa shangazi kaja kutoka kwa kijana wa bodaboda. Jina na namba ya simu vimeandikwa kwa kalamu ya wino mzito kwenye karatasi iliyobandikwa kwa selotepu. Mtumaji hasafiri. Mpokeaji atausubiri huko mbele. Mara nyingi ndani mna sare za shule, viatu vya mitumba, dawa za mama mgonjwa kijijini. Lakini utaratibu huohuo, wa mzigo kusafiri bila mwenyewe, ndio unaobeba unga.

Maili Moja, Kibaha, iko kilomita 40 hivi kutoka katikati ya Dar es Salaam, na karibu kila gari linalokwenda bara linapita hapa. Mbele zaidi, Chalinze, barabara inagawanyika: mkono mmoja Segera, Tanga na Arusha, mwingine Morogoro, kisha Dodoma au Iringa, Mbeya na mpaka wa Tunduma. Biashara mbili zinapishana kwenye lami hii. Bangi inateremka kutoka mashambani bara kuja kutafuta wateja wa mjini. Heroini inapanda kutoka pwani kwenda mipaka ya kusini. Anayeona kizuizi kimoja Kibaha kinatosha, akumbuke kwamba kutoka Bagamoyo kuna lami hadi Msata, na gari linaweza kuingia bara bila kuiona Maili Moja kabisa.

Heroini hiyo haikuanzia Dar. Inatoka Afghanistan, inateremka hadi pwani ya Makran, kwenye mwambao wa Iran na Pakistan, kisha inapakiwa kwenye majahazi ya uvuvi. Wachunguzi huiita njia ya kusini. Mengi ya majahazi hayo hayana usajili wa nchi yoyote. Yakikaribia mwambao wetu hayatii nanga bandarini. Boti ndogo huyafuata baharini usiku na kuteremsha mzigo kwenye fukwe zisizo na forodha. Aprili 2014 manowari ya Australia, HMAS Darwin, ilikamata kilo 1,032 za heroini kwenye jahazi moja nje ya Mombasa. Ni shehena ya kutisha. Ila katika ukamataji wa aina hii kwenye bahari kuu, kwa kawaida unga huteketezwa na mabaharia huachiwa waende zao, kwa sababu hakuna nchi iliyo tayari kuwashitaki. Mzigo umepotea, mwenye mzigo yuko nyumbani kwake.

Hilo ndilo linaloniumiza katika kazi hii ya kupambana na dawa za kulevya. Tunashangilia kilo. Tunapigwa picha na vifurushi mezani. Anayesimama kizimbani ni punda, kijana aliyelipwa nauli na ahadi, na mara nyingine hata jina halisi la aliyemtuma halijui.

Wenye mzigo wanafikika, lakini kwa subira. Ndugu wa familia ya Akasha wa Mombasa walikamatwa Novemba 2014 baada ya wapelelezi wa Marekani kupenyeza watu wao waliojifanya wanunuzi. Walipelekwa New York Januari 2017, wakakiri makosa 2018, na Baktash Akasha akahukumiwa miaka 25 mwaka 2019. Tangu kukamatwa hadi hukumu ni karibu miaka mitano, na kesi ilisimama juu ya mazungumzo yaliyorekodiwa.

Tanzania nayo ilijenga chombo chake. Sheria ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya 1995, ilianzisha Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, na marekebisho ya 2017 yakaiongezea meno. Desemba 2023 Mamlaka ilitangaza kukamata kilo 3,182 za heroini na methamfetamini katika mikoa ya Dar es Salaam na Iringa, nyingine zikiwa ndani ya vifungashio vya chai na kahawa. Iringa iko kwenye barabara hiihii. Kwa heroini inayozidi gramu 200, kifungo ni cha maisha.

Kwa adhabu nzito kiasi hicho mahakama haiwezi kukubali ushahidi wa kubabaisha, na hapa ndipo kesi nyingi zinapofia. Mwaka 2009 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Paulo Maduka na wenzake, ilieleza kwamba safari ya kielelezo lazima ionekane hatua kwa hatua: nani alikikamata, nani alikitunza, kilipita mikononi mwa nani, nani alikipima, kikaishia wapi. Baadaye mahakama ililegeza kamba kwa vitu ambavyo si rahisi kubadilishwa. Unga si kitu cha namna hiyo. Kifurushi kikilala usiku mmoja kwenye droo ya askari bila kuandikwa popote, wakili wa utetezi ana swali lake tayari: tutajuaje kwamba alichopima Mkemia Mkuu wa Serikali ndicho kilichotolewa kwenye buti?

Ndiyo maana nusu saa ya kwanza kando ya barabara ina uzito kuliko mikutano yote ya waandishi wa habari. Mfuko ufunguliwe mbele ya watu. Hati ya ukamataji ijazwe palepale na mshukiwa asaini. Kifurushi kifungwe kwa lakiri, kiwekewe alama. Konda aulizwe ile namba ya simu iliandikwa na nani, maana ndiyo ngazi pekee ya kumpandia aliyetuma.

Na awepo shahidi asiye askari. Kwa Maili Moja huyo atakuwa muuza korosho, au mama lishe aliyekuwa akigeuza chapati. Askari atamwita, "Mama, njoo ushuhudie," na moyo wake utamwambia akatae, kwa hofu ya wenye mzigo na kwa kuogopa siku za biashara zitakazopotea. Wengi hukataa, na siwalaumu. Nauli na ulinzi wa shahidi wa namna hii vinastahili kupewa uzito kuliko sasa. Akikubali, atafuta unga wa ngano mikononi, atasoma, atatia saini. Huenda ikapita miaka miwili ndipo aitwe mahakamani, apewe kile kifurushi na aulizwe kama saini iliyo juu yake ni yake.