Ziwa Kivu: uhai uko pembeni, na matope yanaufunika

Watu wengi mu Goma wanaona ziwa letu kama shimo lisilojaa. Kwa vile linashuka mpaka mita 485, wanafikiri linaweza kumeza kila kitu: matope, chupa za plastiki, maji ya vyoo. Vyote vinashuka, vinapotea, basi. Sisi wa sendika ya wachimbaji tunasema: hapana, haiko vile.

Mchimbaji anaelewa jambo hili haraka. Ukishuka mu shimo lisilo na hewa, haurudi. Ziwa Kivu liko namna hiyo. Kuanzia mita 60 hivi kwenda chini, maji yake hayana oksijeni. Yamejaa gesi ya kaboni, pamoja na metani, ile ambayo jirani zetu wa Rwanda wanaivuta ili kutengeneza umeme. Kule hakuna samaki wala konokono anayeweza kuishi. Wakati wa kiangazi upepo unakoroga maji na hewa inashuka zaidi. Wakati wa mvua maji yanatulia, na mpaka wa hewa unapanda karibu mita 30 tu kutoka juu.

Sasa tufanye hesabu. Ziwa lina upana wa kilomita za mraba zaidi ya 2,300, lakini sakafu yake iliyo hai ni ukanda mwembamba tu wa pembeni, unaofuata ufuko. Mu ukanda huo mawe yana utando wa kijani ambao samaki wadogo wanakwangua. Hapo tilapia wanachimba viota vyao mu mchanga. Hapo kuna konokono, kaa, na funza wa wadudu ambao samaki wanakula. Hata sambaza, walioletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, wanavuliwa usiku mbali na ufuko, lakini watoto wao wanakulia karibu na ufuko. Ukiharibu ukingo, umegusa sahani ya kila nyumba.

Adui wa kwanza wa ukingo huo ni udongo. Goma yenyewe haina mto. Mvua yetu inanyonywa na mawe ya volkano, na uchafu wa vyoo unapita humo humo polepole. Lakini ukifuata barabara ya Minova mpaka Kalehe, au ukivuka kwenda Idjwi, unaona milima iliyosimama wima juu ya maji. Miti imekatwa juu ya makala na mashamba. Mvua moja kubwa, na mito inageuka rangi ya matofali. Mahali ambapo watu wanasafisha madini mu mto, udongo unashuka hata siku ya jua.

Tarehe 4 Mei 2023, mvua iliangusha milima juu ya Bushushu na Nyamukubi, mu Kalehe. Watu zaidi ya 400 walikufa. Tuliwalilia, na tunawalilia bado. Matope yaliyofunika nyumba zile yalifika na ziwani, na huko pia yalifunika makao.

Matope yanafanya kazi yake namna tatu. Kwanza, yanazuia mwanga, na utando wa kijani juu ya mawe unakufa. Pili, yanajaza nafasi kati ya mawe, pale mayai na watoto wa samaki wanapojificha. Tatu, yanakuja na mbolea ya mashamba na ya vyoo. Mimea midogo ya maji inazidi, kisha inakufa, inaoza, na kuoza kunakula oksijeni ile kidogo iliyobaki.

Haya si maneno ya kubuni. Mu Tanganyika, Andrew Cohen na wenzake walionyesha mwaka 1993 kwamba pale udongo unaposhuka kwa wingi, aina za viumbe wadogo wa sakafuni na za samaki zinapungua. Mwaka 2016 timu yake ikaonyesha kwamba joto la dunia nalo linapandisha mpaka wa hewa: mu sehemu walizopima, karibu asilimia 38 ya sakafu yenye oksijeni imepotea tangu 1946. Kwetu Kivu, mwaka 2010 Natacha Pasche na wenzake walisoma tabaka za tope la chini. Waliona kwamba mu miaka ya 1960 chokaa ilianza kutua ghafla. Kati ya sababu walizotaja ni kuletwa kwa sambaza na kuongezeka kwa watu na uchafu wao. Ziwa linaandika kila tunachokifanya.

Wenzetu wengine wanatuuliza: sendika ya madini inatafuta nini mu samaki? Jibu ni rahisi. Siku bei ya koltani au kasiterite inaanguka, mama wa nyumba anauza sambaza na watoto wanakula. Ziwa ndiyo akiba ya mfanyakazi asiye na pansheni.

Basi tunadai. Code minier, ya 2002 iliyorekebishwa 2018, inadai mazingira yalindwe. Ifanye kazi mu mlima, isibaki mu kabati. Kila koperative ichimbe mabwawa ya kutuliza matope kabla maji hayajarudi mu mto, na SAEMAPE ipite kuyakagua. Wakulima wapewe miche ya mianzi na majani ya kushika udongo, si hotuba. Vyandarua vya mbu vitoke ufukoni, juu vinazoa watoto wa samaki ambao matope yamewaacha.

Mchimbaji naye asingoje Leta. Bwawa la kutuliza matope linahitaji sepeteo, mikono na siku chache. Hivyo vyote tuko navyo.