Darubini ya Mjerumani na nambari yake

Hakuna mtu wa Mombasa asiyeujua mzinga wa Königsberg ulioko nje ya Fort Jesus. Wageni hupigia picha hapo, na sisi wenyeji twaupita bila ya kuutazama. Lakini mimi tangu utotoni nilikuwa siupiti hivi hivi, kwani kwetu Kibokoni palikuwa na darubini ya macho mawili iliyotundikwa ukutani chumbani kwa babu, katika mkoba wa ngozi, nayo tukiambiwa kuwa ni ya manowari hiyo hiyo.

Hadithi yenyewe niliipokea hivi. Königsberg ilipoizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus pale Unguja tarehe 20 Septemba 1914, ilikwenda kujificha katika mikono ya mto Rufiji. Waingereza waliivizia miezi mingi, hata tarehe 11 Julai 1915 wakaipiga ikawa haifai tena, na Wajerumani wakaifungua mizinga yake wakaenda kupigana nayo nchi kavu. Babu yake baba alikuwa nahodha, akichukua boriti za mikoko kutoka Rufiji. Basi ikasemwa kwamba aliikuta darubini ile imekwama katika mizizi ya mkoko, maji yakipwa.

Nimeisimulia hadithi hii barazani na harusini, na Mungu anisamehe, nimewahi kuitungia shairi la beti kumi na mbili.

Mwaka huu alinijia mpwa wangu, kijana mvuvi, akaniambia, "Mjomba, nimepata mteja." Mteja mwenyewe ni Mzungu mkusanyaji wa vitu vya kale, aliyefikia hoteli moja ya pwani ya kaskazini. Alikuwa tayari kutoa shilingi elfu themanini kwa darubini, kwa sharti moja: mtu mzima wa ukoo, anayejulikana, amwandikie barua ya kushuhudia kuwa ilitoka katika Königsberg. Mpwa wangu anataka mashine ya boti. Barua ile ilikuwa ya mistari mitano tu, na kalamu ninayo.

Niliitoa darubini katika mkoba, nikaifuta kwa leso na ndimu kidogo, maana shaba ilikuwa imeota kutu la kijani. Ndipo, kwa mara ya kwanza katika umri wangu wa miaka hamsini na ushei, nikaisoma. Upande wa kushoto imeandikwa Carl Zeiss Jena, na chini yake nambari ya tarakimu saba inayoanzia milioni mbili na laki nne. Upande wa kulia imeandikwa Deltrintem 8x30, yaani hukuza mara nane, na kioo chake cha mbele kina upana wa milimita thelathini. Pembeni mna herufi T.

Sasa, msomaji mpenzi, nivumilie kidogo, kwani hapa ndipo penye elimu.

Kampuni ya Zeiss, iliyoanzishwa mjini Jena mwaka 1846, ilianza kuuza darubini za aina hii mwaka 1894, darubini zenye vigae vya kioo ndani vinavyoipinda nuru ili chombo kiwe kifupi na picha isimame wima. Kila darubini ilipewa nambari, moja baada ya moja, kama mtu ahesabuye tasbihi asiyerudi mwanzo. Nambari hiyo haina mwaka ndani yake. Wapenzi wa vyombo hivi, kwa miaka mingi, wameziweka pamoja darubini ambazo siku ya kuuzwa kwake yajulikana kwa risiti au kwa maandishi ya zawadi, wakatengeneza jedwali: nambari hizi ni za miaka hii, na zile ni za miaka ile. Anayesoma jedwali ajihadhari, kwani lenzi za kamera za Zeiss zina hesabu yake mbali, na wengi wamepotea kwa kuichukua nambari ya darubini wakaitafuta katika hesabu ya kamera.

Nambari yetu, kwa jedwali, iko baada ya Vita Vikuu vya Pili, upande wa miaka ya 1950.

Sikukubali mara moja. Jedwali limetungwa na watu, na watu hukosea. Lakini tulipokuwa chuoni maalim wetu alitueleza jinsi wanavyuoni wa hadithi walivyokuwa wakimpima mpokezi. Mtu akisema, nimesikia kwa fulani, humwuliza amezaliwa mwaka gani, na huyo fulani amekufa mwaka gani. Ikiwa mmoja amekufa kabla ya mwingine kuzaliwa, maneno yamekwisha, hata kama msemaji ana ndevu nyeupe na sauti ya unyenyekevu. Basi nikaipima darubini kwa mizani hiyo.

Jina Deltrintem lilizaliwa mwaka 1920. Königsberg ilikwisha 1915. Hapo peke yake pangetosha. Kisha herufi T: hiyo ni alama ya utando mwembamba mno unaopakwa juu ya kioo ili nuru isirudi nyuma, ndio maana ukikigeuza kioo kwenye jua waona rangi ya samawati. Ufundi huo ulibuniwa pale Zeiss na Alexander Smakula mwaka 1935. Nambari, jina na herufi, mashahidi watatu, kila mmoja amesema lake, na wote wamekutana dhidi ya shairi langu.

Watu wa Jena wenyewe walipatwa na mambo makubwa. Mwaka 1945 Wamarekani waliingia mji huo kwanza, na walipoondoka kuwaachia Warusi waliwachukua mabingwa wa kampuni, nao wakaanzisha Zeiss nyingine upande wa magharibi, Oberkochen. Warusi nao wakafungua mashine nyingi za Jena wakazipeleka kwao. Hivyo kukawa na Zeiss mbili zenye jina moja, zikagombana mahakamani kwa miaka, na mwenye darubini ya Oberkochen haimfai kuitazamia katika hesabu ya Jena. Baada ya Ujerumani kuungana mwaka 1990, darubini zenye jina la Jena zilikoma kutengenezwa. Ndipo bei za zile kuukuu zikapanda, na wajanja nao wakapata kazi. Wako wanaochukua darubini ya Kirusi wakaichonga tai wa Kijerumani ili ionekane ya vita. Hawa huumbuliwa na nambari pia, kwani Warusi mara nyingi waliuweka mwaka katika tarakimu mbili za mwanzo: ikianza na 78, basi ni ya 1978, tai au asiwe tai.

Na vijana wanaowaongoza watazama ndege katika msitu wa Arabuko Sokoke, ambao huuziwa darubini zilizotumika za Swarovski ya Austria, nawapa hili bure. Chukua tarakimu mbili za mwanzo baada ya herufi, uongeze thelathini. Nambari ikianza D6934, sitini na tisa na thelathini ni tisini na tisa: mwaka 1999, na hiyo thelathini na nne ni juma la mwaka. Akikwambia ameinunua mpya mwaka juzi, mcheke kwa adabu.

Nirudi kwetu. Nilimwita mpwa wangu nikamweleza. Alinyamaza, kisha akasema, "Mjomba, huyo Mzungu ana pesa nyingi, na hizo themanini hazitamwumiza." Nikamwambia hiyo ni ghishi, na barua nitakayoitia saini najua ni ya uwongo nitaulizwa mimi, si yeye. Akauliza ni nani aliyesema uwongo basi, babu au baba yake babu? Swali hilo lilinichoma, kwani babu alikuwa mtu mkweli, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Nikaenda kwa shangazi yangu, mtoto wa pekee wa babu aliyebaki, naye umri wake umeshapita miaka themanini. Nilimkuta akichambua mchele. Nikamweleza habari ya nambari, nikiogopa kwamba atanishika kwa kumkanusha baba yake. Alicheka hata ungo ukamtikisika.

"Babako na ndugu zake ndio walioitia manowari," akasema. "Baba alikuwa akisema darubini ya Mjerumani, basi. Nyinyi mkafikiri ni Mjerumani wa Rufiji."

Nilikaa nikaizungusha *ya* hiyo kichwani. Mimi mtunga mashairi, nipotezwe na neno la herufi mbili! Kanga ya Mhindi yaweza kuwa aliyoifuma na yaweza kuwa aliyoivaa mkewe.

Nikamwuliza ilikujaje. Akasema alikuwa msichana mdogo siku ilipoletwa. Babu alikuwa akifanya kazi Kilindini, na baharia mmoja wa meli ya kigeni alimwomba pesa za dharura, akamwachia darubini iwe rehani mpaka meli irudi safari ya pili. Meli ikarudi, baharia hakuwamo. Babu akaitundika ukutani akamngoja. Ndio sababu hakuiuza hata mwaka alipouza saa yake, wala hakutupa tuichezee.

"Mbona hukusema miaka yote hii?"

"Nani aliniuliza?"

Mzungu alipoambiwa ukweli aliitazama tena, akatoa elfu kumi na mbili, akarudi kwao. Pesa hatukuzichukua, kwani sasa limezuka jambo jingine: darubini si ya Königsberg, na huenda hata si yetu. Ijumaa iliyopita, baada ya sala, nilimpelekea sheikh mmoja masala haya, mpwa wangu akiwa ubavuni kwangu na sura ya mtu aliyekwisha kuichagua mashine. Sheikh alisikiliza mpaka mwisho, kisha kabla ya kufungua kitabu aliuliza, "Hiyo rehani iliwekwa lini?"

Nikamsomea nambari.